Nyusi Zako Zilipoota Tena

Dada Wakuru,

Hapa Nyasho tuko wazima ila tumechoka, na leo nakuandikia nikiwa na hasira kidogo. Utanisamehe. Wewe umepumzika, mimi umeniachia Mama.

Saluni nimefungua tena. Mteja akitaka kuchorwa nyusi namwachia msichana wangu, maana nikishika wanja tu naanza kulia. Unakumbuka asubuhi ile ya kwenda Mwanza kwenye dripu za saratani, zile zilizokunyonyoa nyusi na kope, nikakuchora harakaharaka upande mmoja ukapanda juu? Ukajitazama kwenye kioo ukasema, "Leo nitashangaa mpaka jioni." Tulicheka mpaka ukashika tumbo. Kope ndizo sikuweza kukurudishia. Vumbi lilikuwa linaingia moja kwa moja, macho yanatiririka, watu wanakupa pole barabarani na wewe wala hulii.

Halafu nyusi zikaota. Vinyweleo vichache, laini, ukaniita nivipapase. Daktari alituambia wazi, sisi wawili tu: zinaota kwa sababu dawa imesimamishwa, na imesimamishwa kwa sababu haisaidii tena. Tulipotoka mlangoni ukanishika mkono. "Mama usimwambie. Mwache afurahi kidogo."

Alifurahi, dada. Alichinja mbuzi kule Butiama, akaita jumuiya nzima waje kushukuru. Wamama walikugusa uso mmoja baada ya mwingine huku wanapiga vigelegele. Mama mkwe wako akatoka Kibara na kapu la samaki, sato wakavu, ukala kuliko siku zote. Siku chache baadaye ukalala, na hukuinuka tena.

Sasa sikia. Kwenye msiba wako huko Kibara, Mama alikuja na maji yake na viazi vyake vya kuchemsha. Hakugusa ugali wa pale, hata chai. Watu wote walielewa anamtuhumu nani. Matanga hayajaisha akambeba mwanao Neema, akarudi naye Butiama, na mpaka leo mtoto haruhusiwi kwenda kwa bibi yake wa Kibara wala kwenye kaburi lako.

Nimemweleza Mama aliyosema daktari. Nimemweleza nikiwa nimesimama, nimemweleza nikiwa nimepiga magoti. Ananijibu, "Nyusi niliziona kwa macho yangu. Mtu alikuwaga amepona, wakammaliza na samaki. Na wewe kama ulijuaga, mbona ulikula mbuzi?" Ni kweli nilikula.

Wiki iliyopita, nikiwa Butiama, mama mkwe wako alikuja mwenyewe kumwomba mtoto, angalau kwa siku mbili. Mama hakumfungulia. Nilimsindikiza mpaka kituoni, nikamwambia yote, kwamba ugonjwa ulikuwa umeshakushinda kabla ya mbuzi na kabla ya samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa kanga. "Mwanangu," akasema, "hata mimi niliziona zile nyusi. Usiku nalalaga najiuliza, samaki wangu walikuwa na nini?"

Nilishindwa kabisa, dada. Mmoja haniamini, na huyu mwingine ameanza kujishuku mwenyewe. Wewe ungesema neno moja wote wangenyamaza. Mimi nikisema, ni mdogo tu, ni wa saluni, najua nini.

Na Neema naye ameanza kukataa samaki. Akiwekewa sahani anaisukuma, ananitazama mimi usoni kuona nitafanyaje. Hajauliza kitu. Naogopa siku atakayouliza Mama akiwa karibu.

Jumapili naenda Butiama. Nitanunua sato sokoni, nitampika mwenyewe, nitakaa na mwanao chini, nitakula wa kwanza yeye akiniona. Hilo nakuahidi, kwa sababu ndilo pekee ninaloliweza. Lala salama, dada yangu. Sijui kama atakula.

Mdogo wako