Video ya Shemeji

Shoga, nimetoka ofisi ya hataza, wanakosajili uvumbuzi, sasa hivi. Nina hasira hizo!

Kile kifaa changu cha kubandika visindano vya dawa kwenye ngozi kimekataliwa. KIMEKATALIWA! Eti si kipya!

Mkaguzi, baba mmoja mkavu kama ukuni, akanigeuzia kompyuta. "Hii ni nini, mama?"

Video ya shemeji! Anajibandika kifaa hicho hicho mkononi, anacheka kama zuzu. Iko mtandaoni tangu miaka miwili kabla sijapeleka maombi!

"Kikishaonyeshwa hadharani, si kipya tena," ananiambia.

Nikafoka, "Huyo mjinga sikumtuma mimi!"

Akaongeza sauti, akairudisha video mwanzo. Akairudisha tena.

Nyuma ya kamera mwanamke anasema, "Irushe, shemeji, dunia nzima ione."

Shoga, ile sauti ni yangu.