Mama Mkwe Alinikanyagia Breki

Mpendwa Shangazi Akuac, naomba unisaidie, na nakusihi unijibu kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu alfajiri mama mkwe wangu anapanda basi la Nimule kurudi kwake Adjumani, na akiondoka hivi alivyo sasa sidhani kama mguu wake utaingia tena nyumbani kwangu.

Mimi ni Johnson, mume wa Suzan, tunakaa Gumbo upande wa barabara ya Nimule, nauza mbao na saruji, sisi wote wawili tulikulia Uganda wakati wa ukimbizi, tukarudi tukajenga, na maisha si mabaya isipokuwa nina ugonjwa mmoja na ugonjwa wenyewe ni magari. Mwaka huu rafiki yangu Lubega, Mganda aliyekuwa na duka jirani na langu, alipokuwa anarudi kwao alikubali kuchukua pikapu yangu kuukuu na kuniachia gari lake la spoti, jekundu, milango miwili, la chini kiasi kwamba likipita kwenye shimo unalisikia shimo lote tumboni, na Suzan akasema nimebadilisha punda kwa tausi, lakini Shangazi, ungelisikia linavyonguruma ungenielewa.

Shida ilianza darajani, nilikuwa natoka mjini, mbele yangu lori la tanki la maji likasimama ghafla, nikakanyaga breki, nikasikia chuma kinasaga chuma, gari likasita kama linafikiria, likasimama vidole viwili tu kutoka bomba la lile tanki, nikajua pedi za breki zimekwisha na diski nazo zimeliwa. Arkangelo, fundi wetu, akaniambia nimletee baada ya wiki mbili maana gereji yake imejaa, lakini mimi nilikuwa nimeshaona kwenye simu khawaja mmoja, yaani mzungu, akibadilisha pedi na diski nyumbani kwake, anapiga mluzi, dakika kumi na mbili, kalas, kazi imekwisha. Nikanunua pedi na diski mbili mpya za mbele, nikaazima jeki, Jumamosi asubuhi nikaanza kazi uani.

Sasa lazima nikueleze juu ya mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake. Kwetu mkwe ni heshima kubwa, simtazami usoni, sili mbele yake, akipita huku mimi napita kule, na neno likiwepo kati yetu linapita kwa Suzan, kwa hiyo katika miaka sita ya ndoa sijawahi kumwambia zaidi ya salamu, na hiyo salamu naitoa nikitazama chini. Siku hiyo alikuwa barazani anachambua majani ya kunde. Nimeshainua gari, nimetoa gurudumu, nimeingiza kichwa chini, nikasikia sauti:

"Suzan, mwambie mume wako gari lililosimama juu ya jeki peke yake ni kaburi linalongoja mwenyewe."

Suzan alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake na hatua tatu kutoka kwangu. Akasema, "Johnson, mama anasema..."

"Nimesikia."

Nikatoka, nikaweka magogo mawili manene chini ya gari, nikaendelea. Nikataka kuitoa kalipa, kile chuma kinachobana pedi, nikafungua nati, mafuta ya breki yakanimwagikia mpaka kwenye kiwiko.

"Suzan, mwambie hiyo ni nati ya mpira wa mafuta. Za kalipa ziko nyuma, mbili. Na asiiache ining'inie kwa mpira, aifunge kwa waya."

Zilikuwa nyuma. Zilikuwa mbili. Nikaifunga kwa waya. Nikavisha diski mpya, nikatia pedi, nikajipongeza moyoni, na sauti ikaja tena, safari hii ya upole kabisa, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa shati nje ndani. "Suzan, mwambie pedi moja ameigeuza. Chuma ndicho kinatazama diski. Na ile diski ni mpya, ina mafuta ya dukani, aifute kwanza."

Nikamvuta Suzan pembeni nikamwuliza mama yake amejulia wapi mambo haya, akaniangalia kama mjinga, akasema, "Unadhani mimi nilisomeshwa na nini?" Kumbe kule Arua mama alianza kwa kuuza chakula mlangoni mwa gereji ya mzee mmoja aitwaye Mukasa, siku moja kijana wa breki hakuja, mama akashika spana, na akaishika miaka kumi na moja, malori, mabasi, kila kitu. Miaka sita nakaa na binti yake na sikujua, kwa sababu mkwe haulizwi alikuwa nani.

Saa sita Suzan akaniletea chupa ya mafuta mapya ya breki, akasema ana zamu ya kupika kanisani, akaondoka na mtoto mgongoni. Tukabaki wawili uani na hakuna wa kupitisha maneno. Nikafanya gurudumu la pili kimya, na mama mkwe akavumilia, akavumilia, mwisho akamgeukia kuku aliyekuwa anadonoa karibu naye.

"Wewe kuku," akasema, "kama ningekuwa mimi, hiyo nati ningeikaza zaidi."

Nikaikaza. Yule kuku alifundishwa ufundi siku hiyo mpaka nikamwonea wivu. Lakini ikafika kazi ya kutoa upepo kwenye mipira, na hiyo kazi haifanywi na mtu mmoja, lazima mmoja akanyage pedali na mwingine afungue nati ndogo pale kwenye gurudumu, na mimi sina mikono ya kutosha na kuku hana miguu mirefu. Nilisimama tu. Mama mkwe akaweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri, akaingia ndani ya gari langu la spoti akakaa kwenye kiti cha dereva. Mimi nikalala chini kwenye gurudumu, hanioni, simwoni, nikaona hapo heshima imepona. Yeye anasema, "Nimekanyaga, fungua," mapovu yanatoka. "Funga." Nafunga. "Naachia." Tulienda hivyo gurudumu hili na lile, tukiongeza mafuta, mpaka akasema, "Imekuwa ngumu kama jiwe. Hiyo ndiyo breki," na Shangazi, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

Kisha akashindwa kutoka. Kile kiti kiko chini kama mkeka, na mama ni mwanamke mrefu, mwenye mwili, na goti moja linamsumbua. Akajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi natazama ukuta. Mwisho akasema, si kwa kuku, "Johnson, nipe mkono."

Hajawahi kuniita jina. Nikampa mikono yote miwili, nikavuta, akatoka kwa nguvu kuliko tulivyotegemea, mguu wangu ukateleza kwenye yale mafuta, tukaanguka sote wawili, yeye juu yangu. Na akacheka! Alicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka, tumelala pale chini kama watoto, mpaka nikainua macho nikamwona jirani yangu Cirillo juu ya paa lake, alikuwa anapigilia mabati, nyundo imesimama hewani.

Kabla ya jioni Gumbo nzima ilijua kwamba Johnson amemkumbatia mkwewe mchangani. Mjomba Matiya, kaka yake mama mkwe, alinipigia simu akiwa Munuki, akasema hili ni jambo la kukaliwa kikao na pengine la faini ya mbuzi. Suzan hanisemeshi, anasema nimemvunjia mama yake heshima. Mama mwenyewe yuko ndani tangu siku hiyo, anatoka kidogo tu, hacheki, amefunga mzigo wake, anasema Jumatatu anakwenda. Mimi nikimsikia natoka haraka ili nisimtie haya zaidi. Shangazi, ningefanya nini, ningemwacha ndani ya gari? Na sasa nifanye nini?

Johnson, Gumbo

SHANGAZI AKUAC ANAJIBU

Johnson mwanangu, kwanza pole, halafu kaa chini nikugombeze.

Uliingiza kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki ya kuazima, na wewe unauza mbao! Ulifungua nati usiyoijua kwa sababu mtu wa kwenye simu alikuwa anapiga mluzi. Kama yule mama angeshika heshima yake na kunyamaza, leo ningekuwa nasoma barua ya mjane. Tena usijidanganye kwamba kazi imekwisha. Pedi mpya na diski mpya hazijazoeana. Tafuta barabara tupu asubuhi, ulikimbize gari kidogo na kupunguza mwendo taratibu, mara ishirini, ndipo uwabebe watu. Halafu Arkangelo azikague nati zote kwa macho yake.

Sasa tuje kwenye lililokuleta. Ulinyoosha mkono ukamtoa mtu mzima aliyekwama. Hilo si kosa katika kabila lolote ninalolijua, na nimekaa na mengi. Mila ya kumheshimu mkwe naipenda, na wewe usiidharau. Lakini iliwekwa ili mama wa mkeo asikosewe, haikuwekwa ili akose mtu wa kumsaidia. Cirillo naye mwambie amalize paa lake, mvua haingoji umbea.

Kosa lako ni jingine kabisa, na ningelikisia tu kama usingeandika namba yako ya simu chini ya barua. Nilipiga jana nikuulize jambo moja. Hukupokea wewe. Ulikuwa umeisahau simu kwenye chaji, ikaita mpaka ikamchosha mama mkwe wako, aliyekuwa peke yake ndani ya nyumba. Nilipomwambia mimi ni nani na kwa nini natafuta Johnson, akasema, "Ameandika gazetini? Kumbe ana mdomo!"

Tuliongea muda mrefu. Ameniruhusu niyaandike haya. "Dada yangu," aliniambia, "mimi nimeshikwa mikono na mafundi, na wauguzi, na askari wa mpakani. Mkono haujawahi kunitia haya. Siku ile nilifanya kazi uani mle kwa muda wa saa nne, nikarudi kuwa yule mtu niliyekuwa Arua. Nikaingia kubadili nguo, nikangoja. Nikasema sasa hivi mmoja wao atakuja kuniambia asante. Hakuja mtu. Mkwe akisikia kandambili zangu anakimbilia nyuma ya nyumba. Binti yangu ananiletea chai kama mgonjwa, hasemi kitu. Nikajua hapa wananionea haya. Basi acha niende."

Umesikia? Wewe ulidhani unamkimbia kwa heshima, na yeye anaona anakimbiwa. Huyo ndiye aliyekulelea mke kwa spana, akakuokoa usipondwe kifua, akakutengenezea breki za gari lako la tausi, na malipo yake ni mgongo wako ukipotea nyuma ya nyumba. Aibu, Johnson.

Na wewe Suzan, najua unasoma, maana nani pale Gumbo atakosa kulisoma gazeti hili? Mama yako hakuvunjiwa heshima na mumeo. Alikuwa na furaha kwa saa nne, ukarudi kutoka kanisani ukamfanya aione furaha ile kama kosa. Mwambie malesh, yaani samahani, leo, kabla hujapika.

Haya, fanya hivi. Leo mpigie mjomba Matiya, wala usibishane naye. Mwombe aje kesho awe mtu wa kati kama mila inavyotaka. Akidai mbuzi, toa mbuzi, mchinje pale pale muile pamoja, watu wakisikia harufu ya nyama watasahau walichosimuliwa na Cirillo. Mnunulie mama kitenge kizuri, si cha bei ya chini. Simama mbali kama inavyokupasa, tazama chini kama inavyokupasa, lakini neno la asante usimpe Suzan akupelekee, wala mjomba. Litoke kinywani mwako, kwa sauti, mbele yao wote, na useme ni kwa ajili ya nini: kwa magogo, kwa waya, kwa pedi uliyoigeuza, kwa kila kitu. Kisha mwombe abaki, na umwulize habari za gereji ya mzee Mukasa. Ana miaka kumi na moja ya hadithi na hakuna hata mmoja kwenye nyumba yenu aliyewahi kumwuliza. Mimi aliniambia mbili, nikacheka mpaka mhariri akatoka ofisini kuja kuuliza kuna nini.

Akikubali kubaki, mshukuru Mungu. Akikataa, mbebee mzigo mwenyewe mpaka kwenye basi, na umuulize atarudi lini.

Usiniandikie tena kunieleza imekuwaje. Maneno yote uliyobakiza, mpelekee yeye.