Neno la Baba Nililolikalia Miaka Minne

Samunge, Loliondo
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu, Mama Boay,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za goti, nakuomba jambo moja. Barua hii amekuletea kaka Boay, na najua amekukabidhi palepale nje, kwenye ua wa minyaa, kama anavyofanya kila akikuletea sukari na dawa zako. Mwambie asiondoke. Akae kwenye lile jiwe la kuanikia ngozi, mpe maziwa kama yapo, asubiri mpaka umalize kusoma. Mwenyewe anajua anasubiri nini. Wewe vaa miwani yako, ile iliyofungwa uzi, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Haya, goti linaendeleaje? Bado unakwenda nalo mnadani kubishana na wauza vitunguu? Ng'ombe wa madoa ameshazaa? Na mbaazi za mwaka huu je, au nyani wamezimaliza? Mimi mwili wangu mzima. Nimenenepa kidogo kwa asali ya huku na viazi vitamu, utanicheka ukiniona. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, lakini wanasoma, na kelele zao nimezizoea. Mvua haijanyesha vizuri, ila huku watu wanamwagilia kwa mifereji inayotoka kwenye chemchemi, kila mtu na zamu yake, na wanazichunga zamu zao kweli kweli. Kumbuka habari hiyo ya mifereji, nitairudia.

Unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, simu yako inasikika mpaka kwa jirani. Habari hii ni yako wewe kwanza.

Siku tulipomzika Baba uliniuliza swali moja. Tulikuwa jikoni, unachambua mchele wa wageni, ukaniuliza bila kunitazama: "Naomi, baba yako hakusema neno juu ya kaka yako?" Nikakujibu: "Hakusema, Mama." Ukaendelea na mchele.

Alisema, Mama. Nilikudanganya.

Ugomvi wao unaukumbuka kuliko mimi. Mwaka ule mvua za kwanza zilipochelewa, Boay akawachukua maksai wa Baba bila kuuliza, akaanza kuwalimia wakwe zake. Yule mwekundu akavunjika mguu korongoni, tukamchinja, na shamba letu tukalilima kwa jembe la mkono. Hapo ndipo Baba alisimama langoni akamwambia asikanyage tena boma lake mpaka yeye mwenyewe atakapomwita. Na kwetu neno la mzazi halifutwi na mchungaji wala mwenyekiti wa kijiji, linarudishwa na aliyelitoa. Boay akashuka Karatu mjini kwenye gereji yake, akabaki huko.

Mimi ndiye niliyeomba ruhusa kazini kuja kumuuguza Baba. Miezi mitatu, Mama, wewe ukiwa na goti lako na mimi na mashuka. Nilikuwa nafua, namgeuza, namlisha uji kwa kijiko, na kila nikiinama juu ya beseni nilimkasirikia Boay aliyekuwa mjini anafunga nati za magari ya watalii. Nilijiambia neno la Baba limempa kisingizio kizuri cha kutoshika ufagio. Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja wewe ulikwenda kanisani kwa akina mama. Nilimtoa Baba juani, akakaa kwenye kiti chake cha kamba, nami nikakaa chini nabangua mbaazi. Akaniambia: "Mwite Boay. Mwambie neno langu nimelirudisha. Kama hatanikuta, mpe wewe neno hili: aingie kwa lango la ng'ombe, kama mwenye boma, asipite nyuma kama mgeni mwenye aibu." Alisema vizuri, kwa akili zake zote. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ina chaji. Nikasema, "Ndiyo, Baba," nikaendelea kubangua mbaazi.

Sikupiga. Moyoni nilisema, acha ateseke siku mbili tatu, mbona mimi nimeteseka miezi mitatu. Aje kubarikiwa kirahisi hivyo, na mikono yake haijanusa hata dawa? Kesho yake Baba akaniuliza, "Umempata?" Nikamjibu, "Nimempata, Baba, anakuja." Akafurahi. Akaomba anyolewe ndevu. Unakumbuka ulivyoshangaa? Ulisema mzee huyu hajataka wembe tangu augue, leo imekuwaje. Alikuwa anajiandaa kumpokea mwanawe, Mama. Mimi mwenyewe nilimnyoa, nikamfuta povu kidevuni, na bado sikupiga simu. Kesho yake adhuhuri akafariki, ndevu zake safi.

Na mazishini ulimwona Boay kwa macho yako. Mchungaji alimfuata mpaka kwenye minyaa akamsihi aingie, akajibu, "Mwenye boma hajaniita." Wengine wakamsifu kwa kutii, wengine wakamwita mwenye moyo wa jiwe. Wakati wa kutupia udongo aliokota wake hukohuko nje, akautia kwenye kiganja cha mtu aliyekuwa karibu ili amtupie kaburini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikaubeba udongo wa kaka yangu aliyekwisha kuitwa, nikautupa, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nimetubu kila Jumapili. Usicheke. Wewe unanijua ninavyopenda kusimama mbele za watu. Huku wamenichagua mzee wa kanisa, na Mwinjilisti Lazaro akisafiri mimi ndiye naongoza ibada. Naongoza toba kwa sauti nzuri, watu wanapiga magoti, nami napiga magoti pamoja nao, na nikifika kwenye ile dhambi naipita harakaharaka kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mbwa. Nilimwambia Mungu, "Unajua." Halafu nikaendelea na wimbo.

Mwezi uliopita ndipo nilipokwama. Mwinjilisti alikuwa kwenye semina. Hapa mtaani kwetu kuna desturi, kabla ya sala ya toba mwenye neno anaweza kulisema mbele ya wenzake. Kwa kawaida watu wanakohoa tu. Siku hiyo akasimama Bibi Ester, bibi mdogo wa mwili, ana shamba la maharage chini ya mfereji. Akasema, "Mimi nilifungua maji kabla ya zamu yangu. Maharage yangu yamenywa, ya jirani yamekauka mistari miwili. Asubuhi nimepita kwake kumwambia. Amenigombeza sana, halafu akanipa uji. Sasa nimekuja kumwambia Mungu." Akakaa, akajifunga kanga yake vizuri, basi. Kwa habari ya maharage mistari miwili!

Zamu yangu ikafika ya kuongoza. Nikafungua kinywa, Mama, na hakikutoka kitu. Yule bibi alikuwa amepita kwanza kwa jirani, ndipo akaja kanisani. Mimi miaka minne nilikuwa nakuja kanisani ili nisipite kwa jirani. Nilisimama pale na kitabu mkononi, kisha nikakaa chini sakafuni, watu wakadhani malaria. Mama mmoja akaniletea maji, mwingine akanipepea kwa kanga, na katibu akamalizia ibada. Jioni walikuja na mtori kuniuguza. Niliunywa huku naona haya, maana sikuwa na ugonjwa wowote.

Mwinjilisti aliporudi nilimfuata shambani kwake, nikamweleza yote. Ni mtu wa maneno machache. Aliendelea kung'oa magugu mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza:

"Mwalimu, umemwomba Mungu msamaha mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Na unafikiri hakusikia ya kwanza?"

Nikasema sijui, labda hakusikia, maana mzigo uko palepale.

"Alisikia," akasema. "Huruma yake hainunuliwi kwa kurudiarudia. Mzigo uko palepale kwa sababu umebeba kitu cha mtu. Ule ujumbe si wako, ni wa kaka yako. Mpelekee, hata kama atakufukuza."

Tukapiga magoti palepale kwenye maharage. Safari hii sikusema "unajua." Nilisema kwa kinywa changu: "Bwana, baba yangu alifungua lango, mimi nikalifunga. Nilimdanganya mtu anayekufa. Nilimdanganya mama yangu. Nilimwonea kaka yangu wivu wa baraka. Nihurumie, mimi mwenye dhambi, na unipe miguu ya kwenda." Nililia mpaka nikachafua gauni. Na nilipoinuka, Mama, nisikufiche, nilisikia njaa. Njaa kali, ya mtu aliyepona. Mke wa mwinjilisti alinipa ugali na mlenda nikamaliza sahani mbili.

Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda basi la alfajiri mpaka Karatu. Nisamehe, nilikuwa karibu na wewe hivyo na sikupanda kuja nyumbani. Ujasiri wangu wote niliutumia gereji.

Boay alikuwa chini ya gari, anabadilisha springi, nikaona miguu yake tu. Nikachuchumaa nikamwambia nimekuja na neno la Baba. Akatoka, uso una grisi, akakaa chini akisikiliza. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu:

"Udongo wangu uliupokea wewe?"

"Ndiyo, kaka."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaiweka spana chini taratibu sana. Akasema, "Nenda, Naomi." Hakunipigia kelele, hakunitukana. Akarudi chini ya gari. Nilirudi Samunge mikono mitupu, lakini kitu kimoja kilikuwa kimebadilika: sikuwa tena na cha kuficha. Nilihuzunika, lakini nililala.

Zikapita wiki mbili. Jana nikiwa kwenye lile jiwe la juu ya shule, ambako ndiko mtandao unapatikana, simu ikaita. Boay. Akaanza bila salamu.

"Jumapili ile ya kwanza nilikwenda kanisani," akasema. "Tukafika kwenye sala, pale pa kuwasamehe waliotukosea, nikanyamaza. Watu wakamaliza, wakaniacha palepale. Mke wangu akaniangalia. Jumapili ya pili nikapasema."

Nikaondoa simu sikioni nijifute machozi.

"Upo?" akaniuliza. "Au mtandao wenu wa porini umekata?"

"Nipo, kaka."

"Basi acha kulia, unamaliza salio langu. Mwandikie Mama. Si simu, barua, aisome mwenyewe. Nitaipeleka mimi. Na uandike vizuri, si mnajidai walimu?"

Mama, nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mbuzi wa watu wakasimama kunitazama. Nimekuwa mwepesi tangu jana. Leo niliongoza ibada, nikafika kwenye toba, sauti ikatoka, si nzuri kama zamani, lakini ilikuwa yangu. Bibi Ester alinikonyeza.

Sasa kwako. Nimekukosea, Mama. Nilikunyima faraja uliyoiomba kwa swali moja tu, na kwa miaka minne nimekuacha ukutane na mwanao sokoni na kwenye minyaa kama mtu anayeonana na jamaa aliyefungwa. Nimekuacha umbebe mjukuu wako Anna mnadani, kati ya mbuzi na mitumba, wakati kitanda cha babu yake kipo. Naomba unisamehe. Kama hasira itakuja, ije, ninaistahili, nikifunga shule nitapanda mpaka hapo unigombeze siku nzima mpaka tuchoke wote. Lakini usianze na mimi. Kuna mtu anasubiri nje.

Nisalimie shangazi Paulina, dada yake Baba, umwambie naye nitamwomba radhi kwa mdomo. Nisalimie mama mdogo wa kule bondeni na mumewe fundi seremala. Msalimie jirani yetu Mzee Tluway aliyechimba kaburi, na umwambie kwamba yale aliyonena siku ile juu ya moyo wa Boay ayameze. Mbusu Anna. Kama amekuja na baba yake, basi yumo huko kwenye minyaa anachuma majani na utomvu utamwingia machoni, mwite haraka.

Mimi binti yako, ninayekupenda na ninayepumua vizuri leo,

Naomi

Mama, sasa vua miwani uende mpaka langoni. Boay amesema neno hilo hatalichukua kutoka kwenye karatasi wala kwangu, anataka alisikie kwa sauti kutoka kwa aliyebaki na boma. Ondoa miti yote ya lango la ng'ombe, usiache hata mmoja, umwambie kwa sauti, hata majirani wasikie: "Boay, baba yako amekuita. Ingia."