Peni Zako Hazirudi Mnadani

Mpendwa Mama,

Kama kuna mtu anayekufikishia habari za nyumbani Kanja huko uliko, basi umeshaambiwa kwamba kitinda mimba wako amegombana na kanisa zima kwa sababu ya senti kumi kumi za mkoloni. Usiamini. Nimegombana nao kwa sababu yako, na ninakuandikia nikiwa bado na hasira. Nikisubiri hasira ipoe nitaandika kwa adabu, na adabu nimeichoka.

Unaikumbuka ile siku ya Julai, baridi ya kupenya mifupani, mimi nina homa na wenzangu wako shuleni? Tulikuwa jikoni wawili tu, wewe ukimenya nduma, mimi nimejikunja karibu na moto nikijifanya mgonjwa kuliko nilivyokuwa. Ukaniambia, "Kanawe mikono." Nikafikiri tunakula. Kumbe uliingia chumbani ukarudi na kopo la zamani la mafuta ya kupikia, ukatoa kamba ya mkonge iliyotungwa peni: senti kumi za shaba zenye tundu katikati, pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, na jina la mfalme wa Uingereza kwa herufi kubwa. Zilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana motoni. Mimi nilizipenda kwa sababu ya tundu. Mtoto ni mtoto.

Ndipo uliponieleza. Ukiwa msichana, shangazi yako alikupandisha lori mkaenda Timau kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu. Vidole vikipasuka kwa baridi, unachuma. Mwisho wa kazi mlilipwa, mkarudi nyumbani, na babu akanyoosha mkono. Shilingi zote akazichukua. Hakuuliza, hakushukuru, na wewe hukusema kitu kwa sababu msichana alikuwa hasemi. Ila peni ulikuwa umezitunga kwenye kamba na kuifunga kiunoni, ndani ya nguo, na pale hangeweza kunyoosha mkono.

"Hizi hakuziona," ukaniambia, ukacheka kile kicheko chako cha puani.

"Mbona hukununua kitu, Mama?"

"Ningenunua sukari, sukari ingeisha. Nilitaka niwe na kitu changu, tuzeeke pamoja."

Halafu ukaniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu babu alikuwa ameshakufa na marehemu hasemwi. Nilinyamaza, Mama. Nilinyamaza miaka yote hiyo, na leo nakuuliza kwa heshima lakini kwa uchungu: kwa nini ulimwambia mmoja na ukamwacha mwingine? Dada Wawira ndiye aliyekuosha ulipougua. Dada Wawira ndiye aliyebaki na funguo za nyumba. Kwake yeye, lile kopo lilikuwa kopo la vichuma. Asiyejua maana haambiwi maana, sawa, lakini huyu alistahili kuambiwa.

Baada ya kukuzika nilirudi kazini Meru mjini. Siku moja nikapeleka saa yangu kwa fundi mmoja, anaitwa Kirimi, ambaye pembeni ya saa anauza na kununua sarafu za zamani. Nikaona peni kwenye sahani yake, nikasimama pale kama mtu aliyeona ndugu yake kwenye umati. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Usicheke. Watu wa rika langu wanafuga kuku wa mayai, mimi nakusanya pesa zisizonunua kitu.

Kirimi alinifundisha kwa ukali. Sarafu hushikwa ukingoni, si usoni, maana jasho la vidole huila. Huichungulii chini ya taa. Unaipeleka mlangoni, jua likiipiga kwa upande, ndipo mikwaruzo hujitokeza. Angalia kwanza palipoinuka, kama taji au ncha za pembe, maana hapo ndipo huchakaa kabla ya kwingine. Tafuta herufi ndogo ya kiwanda. Pitisha sumaku: shaba haivutwi, ikivutwa umeuziwa uongo. Na ukuukuu peke yake si thamani. Nilimletea peni ya mfalme aliyetawala miezi tu, nikiwa nimeshajenga nyumba kichwani, akaniambia, "Hizi ziko mingi, dada. Mfalme alienda lakini pesa ilibaki imejaa." Nikala hasara yangu.

Lakini kanuni aliyoirudia kila mara ni hii: usioshe. Ile rangi ya kahawia huchukua maisha mazima kuja, na haiji mara ya pili. "Ukiosha," akasema, "umeiua."

Nilikuwa nimepanga kuja Kanja wakati wa ibada ya shukrani yako, nimwombe Wawira lile kopo na kumweleza kila kitu, kiapo au bila kiapo. Nilichelewa kwa siku moja.

Ibada ilikuwa nzuri, sitadanganya. Walisema mengi juu yako na machache yalikuwa ya kweli. Baadaye tukatoka nje kwa mnada wa matoleo, ya kuezeka kanisa: ndizi, mayai, viazi, jogoo mmoja mwenye kiburi. Wewe uliupenda mnada huo kuliko mahubiri. Nakumbuka mwaka ulionunua malenge, watu wakapiga makofi wakisema "Rudisha!", ukalirudisha linadiwe tena, aliyelinunua naye akalirudisha, mpaka lile malenge likazunguka kanisa zima na jioni hakuna aliyekumbuka ni la nani. Ulirudi nyumbani ukiimba.

Basi Wawira akaja na sahani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Akafunua. Mama, nilidhani ni vifungo vya koti. Peni zako zilikuwa zinang'aa nyekundu, zimetungwa kwenye utepe wa harusi. Kamba yako ya mkonge haikuwepo.

"Wawira, umefanya nini?"

"Nimezisugua na jivu na stilwaya ya sufuria, jana mchana yote. Zilikuwa chafu, aki! Ningetoa aje kitu chafu mbele ya watu na jina ya Mama iko hapo?"

Na ungemjibu nini? Ni wewe uliyetulea hivyo. Sufuria isiyong'aa mgongoni haikutoka nje wageni wakiwepo. Ulitusuguisha kwa jivu na mchanga mpaka kucha zikaisha. Wawira alikuheshimu kwa namna uliyomfundisha, kwa mikono ile ile, na kwa heshima hiyo akakuondoa kwenye peni zako zote, moja baada ya nyingine, mchana kutwa. Sijui nimkasirikie nani. Nawakasirikia wote.

Mzee Nyaga, ambaye bado ndiye mnadishaji na bado anajiona mcheshi, akazinyanyua juu. "Hii ni pesa ya King George! Mama yetu ametuacha, na bado anasaidia kanisa! Nani ananipea?"

Mtu akanunua. Akazitazama, akacheka, akasema, "Nimerudisha!" Makofi. Mwingine akanunua, naye akarudisha. Na mwingine. Jogoo hakurudishwa, nakwambia. Jogoo aliondoka na mwenyewe mara ya kwanza, miguu imefungwa. Lakini peni zako zilizungushwa, na kila aliyerudisha alionekana mkarimu kwa kutoa kitu ambacho hakukitaka.

Nikanyoosha mkono nikanunua mimi. Nilitoa nilichokuwa nacho, cha nauli kikiwemo.

"Rudisha! Rudisha!" watu wakaimba, wameshajiandaa kupiga makofi.

"Sirudishi."

Mikono iliyoinuliwa ikashuka.

"Marigu," Mzee Nyaga akasema, akitabasamu kwa ajili ya watu, "hii ni ya Mungu. Utanyima Mungu?"

"Mungu nimemlipa, Mzee. Sasa naenda na peni zangu."

Wawira alinifuata mpaka barabarani. Alikuwa analia. "Umeniaibisha mbele ya pasta. Vitu vya bure hivyo! Wewe ukienda mjini ukakuwa nani?" Nilitaka kumwambia yote, lakini watu walikuwa wamesimama ukingoni mwa uwanja wakitusikiliza bila hata kujificha. Nikaondoka.

Kirimi alizitazama peni kwa lenzi yake, akazirudisha kwenye utepe wao wa aibu. "Pole. Hizi hakuna mtu wa sarafu atachukua sasa. Afadhali zingekuwa zimechakaa tu." Akaniongezea, kana kwamba ananifariji, kwamba hata kabla ya jivu hazingefika mbali, maana zilikuwa zimeshikwa sana. Ya juu kabisa, akasema, ni ile ambayo haijawahi kutumika, iliyotoka kiwandani ikalala.

Hapo nikapandwa na mori upya. Yaani sarafu isiyojua soko wala kiuno cha mtu, isiyowahi kununua hata chumvi, hiyo ndiyo bora? Na iliyobebwa kutoka Timau na msichana mwenye vidole vilivyopasuka, hiyo ni taka? Nilimwambia vipimo vyake ni vya watu ambao hawajawahi kunyang'anywa kitu. Kirimi ni mtu mpole. Aliniwekea kiti mlangoni, penye jua, akarudi kwenye saa zake.

Nikaketi pale nikazichungulia mwenyewe, moja moja, jinsi alivyonifundisha. Nyuso zote zimekwanguliwa, mikwaruzo ya stilwaya inakwenda huku na huku. Kisha nikainamisha moja nikatazama ndani ya tundu. Mama, stilwaya haikuingia mle. Ukuta wa ndani wa tundu bado ni kahawia, na upande mmoja umeliwa na kamba, laini kabisa, kwa sababu zilining'inia hapo kiunoni mwako. Nikatazama nyingine. Nayo vile vile. Zote. Nililia pale mlangoni pa fundi saa, na wateja wakawa wananipita kwa ubavu.

Sasa sikia yanayonikera leo. Kirimi anafahamiana na mume wa Wawira, habari zikafika. Wawira amenipigia asubuhi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda: "Si hata huyo mtaalamu wako amesema ni za bure? Basi zirudishe Jumapili, zinadiwe, tumalize hii maneno. Watu wanaongea." Hoja yake haina kasoro, ndiyo maana imeniudhi zaidi.

Nitaenda Jumapili, Mama. Nitavaa lile gauni la kijani ulilosema linanifanya nionekane mwalimu mkuu. Nitaketi na Wawira kwanza, sisi wawili, nitampa peni moja mkononi na kumwonyesha ndani ya tundu, na nitamwambia habari ya lori, ya pareto, na ya mkono wa babu. Najua uliniapisha. Kiapo hicho kilikuwa cha kumlinda marehemu, na sasa wewe pia ni marehemu, na nakulinda wewe. Ukikasirika, kasirika, hasira hii nimeirithi kwako.

Na Mzee Nyaga akiniita mbele anidai, nitamjibu mbele ya wote. Hizi si toleo. Huu ni mshahara wa msichana. Alinyang'anywa shilingi zake, akaficha hizi, na hakuna atakayenyoosha mkono mara ya pili, hata akiunyoosha kwa jina la Mungu.

Lala, Mama. Mimi bado niko macho na nina hasira za kututosha sote wawili.

Kitinda mimba wako,
Marigu