Mstari Mwembamba wa Chini

Mama yangu,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtu hata akija na ugomvi huamkia kwanza, ndipo aseme lililomleta. Mimi sina ugomvi. Nina jambo ambalo nimelizungusha kichwani tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, niliposhika brashi kupaka rangi chumba cha mjukuu wako.

Anitha ametimiza miaka sita, tumempa chumba chake. Ni kile kidogo tulichokuwa tunawekea magunia ya mahindi. Alikataa kulala humo. Alisema kuta ni nyeupe mno, zinamtazama. Kisha akaona kwenye simu ya jirani chumba cha mtoto chenye ukuta mmoja wa mistari ya rangi, akaapa kwamba akipata kama ule atalala peke yake bila kusumbua mtu. Baba yake akacheka, akasema, "Huyu amerithi macho ya bibi yake." Alisema kwa utani tu, akaenda zake forodhani kwenye karatasi zake za malori. Mimi nikabaki pale mezani na chai inapoa.

Unakumbuka ukuta wako wa Mabawe, mama? Kila Krismasi ikikaribia tulishuka bondeni kuchota udongo mweupe, tukapanda na ndoo kichwani huku ukinikemea nisikanyage mahindi ya watu. Wekundu tuliuchimba nyuma ya nyumba. Weusi ulikuwa masizi ya sufuria, unayakwangua na kuyachanganya na majivu. Kwanza uliusiriba ukuta kwa samadi ya ng'ombe hadi ukawa laini, halafu ukachukua kamba ya mgomba, ukaipaka masizi, ukanipa ncha moja. "Usiregeze," uliniambia. Ukaivuta kamba katikati na kuiachia, ikapiga ukuta na kuacha alama iliyonyooka kuliko rula yangu ya shule. Hapo ndipo ulipoanza kupaka, kwa kidole gumba na kitambaa.

Mistari ilikuwa minne, kila mwaka minne. Wa chini kabisa ulikuwa mweusi, mwembamba, haufiki upana wa vidole viwili. Juu yake mwekundu mpana, juu yake mweupe, na wa juu kabisa mwekundu tena. Niliwahi kukuuliza kwa nini wa chini unauonea. Ukajibu, "Huo unatosha hivyo." Nilikuwa mtoto wa maswali mengi, lakini lile sikulirudia.

Halafu nikasoma, mama. Nikarudi kutoka chuo cha ualimu na viatu vya kisigino na aibu ya nyumba yetu. Washenga wa baba Anitha walikuwa wanakuja, nami niliona ukuta ule utatuangusha. Nilisema wageni watadhani bado tunaishi kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikuambia hivyo wewe, uliyevuka mto ukiwa na nguo moja. Nilikuwa nimenunua chokaa tayari.

Ukasema, "Sawa. Lakini nipake mwenyewe."

Ulipaka tangu asubuhi. Nilikuwa nazunguka nikifagia, nikiona unavyokwenda polepole, nikadhani ni uzee. Jioni nilipoingia ulikuwa umekaa kwenye kigoda, brashi imelala mapajani. Ukuta wote ulikuwa mweupe, umeacha ule mwembamba wa chini peke yake. Nikasema, "Mama, huo umeusahau." Nikachukua brashi, nikachuchumaa, nikaupaka mwenyewe. Masizi yakawa yanachungulia ndani ya chokaa, nikarudia mara ya pili kwa nguvu, hadi yakapotea.

Ukaniambia, "Asante, mwanangu," ukaenda kubandika maharage.

Washenga walikuja, wakala, wakasifu ndizi zako. Hakuna aliyeutazama ukuta. Tangu siku ile hukuchora mistari tena, nami nikaona nimekupunguzia kazi.

Siku ya kumaliza msiba wako, wageni walipoondoka, mama mdogo Konsolata aliniita jikoni. Aliniuliza ule ukuta wa watoto ulikwenda wapi. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba ile haikuwa mapambo. Mwekundu mpana ni mimi. Mweupe ni mdogo wangu Wiliamu, na wa juu ni Yakobo anayemfuata. Na ule mwembamba ni Fideli, mwanao wa kwanza, uliyevuka naye mto akiwa mgongoni, akakufia kambini Benaco kwa homa hata hajamaliza kuota meno. Ilikuwa kabla hujakutana na baba. Ulipoolewa hukutaka kuleta kilio cha nyumba nyingine kwenye nyumba ya mtu, kwa hiyo jina lake hukulitaja. Ulikuwa unalichora.

Nilikaa chini pale pale jikoni. Ndipo nikakumbuka safari zetu za Biharamulo kwa shangazi, jinsi ulivyokuwa unakatisha mazungumzo basi likikaribia Benaco na kuyarudia tukishapita mbali. Mimi nilidhani ni kichefuchefu cha gari. Nilikuwa nakupa limau, mama. Na wewe ulikuwa unalinyonya.

Sijui alizikwa sehemu gani. Mama mdogo naye hajui. Wiliamu alishaibomoa nyumba ya zamani, amejenga ya tofali, kwa hiyo hata chokaa yangu siwezi kwenda kuikwangua. Majuto ni mjukuu, na kweli, yangu yamenijia pamoja na mjukuu wako.

Turudi Jumamosi ile. Tulikwenda dukani na Anitha akachagua rangi tatu: manjano, kijani na waridi, ile ya waridi imekolea kama soksi za kwaya. Fundi jirani alinipa gundi ya karatasi, ile ya mkanda, akasema nibandike, nipake, nibandue, mistari itatoka yenyewe. Hakuniambia kwamba lipu ikiwa mbichi gundi haifai. Niliibandua, ikaondoka na rangi na kipande cha ukuta. Anitha akalia. Mwalimu mzima nikakaa sakafuni na waridi kwenye nywele, karibu nami nimfuate.

Basi nikaziba, tukasubiri wiki nzima ukuta ukauke, na Jumamosi hii nikaenda kukata kamba ya mgomba. Nikakwangua sufuria ya maharage. Nikampa mwanangu ncha moja nikamwambia, "Usiregeze." Akanisahihisha papo hapo: "Mama, ni usilegeze." Nikamwambia mimi nimefundishwa na bibi yake, ashike kamba.

Mistari mitatu ilitoka vizuri. Manjano, kijani, waridi. Alikuwa anaruka kwa furaha, anataka tuingize kitanda. Lakini chini kulikuwa na nafasi, mama, na nilikuwa nimeiacha kwa makusudi tangu mwanzo wa kupima. Nilipiga kamba mara ya nne. Nikachanganya masizi na rangi kidogo yashike, nikachuchumaa kama nilivyochuchumaa siku ile. Nilipaka kwa kidole gumba. Machozi yalinitoka, sikuyazuia.

Anitha akaja kunichungulia. "Huu mweusi sikuuchagua."

Ningeweza kumwambia unatosha hivyo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwambia, "Huu ni wa Fideli, mtoto wa kwanza wa bibi. Alifariki akiwa mdogo sana."

Akafikiri. "Mdogo kuliko mimi?"

"Mdogo kuliko wewe."

"Lakini alizaliwa kabla yako?"

"Kabla yangu."

"Basi ni mjomba," akasema. Akapiga magoti pale sakafuni, akainamisha kichwa karibu na ukuta uliokuwa bado mbichi, kama ulivyokuwa unawafundisha watoto wa Mabawe kuwaamkia wakubwa. "Shikamoo, mjomba."

Mama, hapakuwa na mtu wa kuitika. Nikaitika mimi kwa niaba yake. Marahaba.

Usiku amelala chumbani mwake, hakuita mtu. Mimi ndiye niliyeamka kwenda kuchungulia.

Nisamehe, mama. Krismasi ikikaribia tutayakwangua masizi tena, kila mwaka, na siku nikichoka Anitha anajua kamba inashikwaje. Ukimwona Fideli, mwambie ameamkiwa. Upumzike.

Ni mimi binti yako,
wa mstari mwekundu.