Turubai la kwa Mama Nakijwa

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasimamisha kalamu kama mjinga, nikingoja uitikie. Haya, naendelea.

Leo ni Sabato. Nimetoka kanisani, nimekaa nyuma ya nyumba karibu na ulipolala. Vudee ina ukungu na baridi yake ile ile, na nimevaa sweta lako la kijani. Upindo wa mkono wa kulia bado una vumbi jeupe la jasi. Nimelifua na kulifua, vumbi limegoma kutoka.

Najua ungeniuliza kwanza kuhusu kazi, ndipo uniulize kama nimekula. Kazi ninayo, Mama. Niko machimboni, pale pale ulipokuwa wewe. Ulikuwa ukisema mimi sitashika nyundo ya jasi maishani mwangu. Nimeishika. Mahindi ya huku juu yalikauka yakiwa magotini, na mvua iliyokuja baadaye ikaozesha tangawizi yote, basi nikateremka tambarare kama ulivyoteremka wewe. Nakaa na shoga yako Mama Eliya kwenye chumba chenu kile kile. Ijumaa mchana tunapanda nyumbani.

Sasa ndiyo nakuelewa. Ulikuwa unarudi macho mekundu, midomo imepasuka, mimi nakutania kwamba umetoka kumlilia mume. Kumbe ardhi ile nyeupe inalichukua jua na kukurudishia usoni. Unaungua juu na chini kwa pamoja, kama chapati isiyohitaji kugeuzwa. Nilikuuliza kwa nini hulivui hilo sweta la Vudee kwenye joto lile. Ukasema, "Nikivua naungua, nikivaa naiva. Bora niive." Tukacheka sana siku ile.

Mama Eliya amenisimulia mwisho wako mpaka mwenyewe amechoka. Ulianza kusema maneno yasiyoeleweka. Ukaniita mimi, na mimi nilikuwa huku Vudee. Ukawaambia wenzako wanyamaze, mtoto amelala. Kisha ukaanza kutetemeka. Na kwetu mtu akitetemeka ni malaria, nani asiyejua? Wakakulaza kando ya lundo la jasi, jua likiwa la utosi, wakakuongezea sweta la pili, wakakufunika kanga na magunia. Walikufunika kwa upendo, Mama, kila mtu alivua chake. Muuguzi wa zahanati walikokukimbiza ndiye aliyeyatupa yote chini kwa hasira. Alisema hii si malaria, ni joto, mwili umechemka, na mlivyomfunika ndivyo mlivyozidi kumchemsha. Wewe ulikuwa umeshakwenda.

Baada ya mazishi msimamizi alikuja na nguzo nne na turubai moja jipya. Wewe unajua turubai pale ni la nani. Jasi ikilowa hainunuliwi, na isiponunuliwa hatulipwi, kwa hiyo jasi ndiyo hufunikwa. Mtu hajawahi kufunikwa kitu machimboni, isipokuwa wewe siku ile. Sasa tukapewa turubai la kwetu, la kukaa chini yake. Watu wakapaita "kwa Mama Nakijwa". Jua likikolea utasikia mtu anasema, "Jamani, twendeni kwa Mama Nakijwa tukapumue." Tukakubaliana kuanzia saa sita hadi saa tisa nyundo zilale. Saa hizo hata mbuzi wa Wamaasai wamejilaza chini ya migunga, tukasema hatimaye na sisi tumepata akili za mbuzi.

Nilijivuna, sikufichi. Kamba nilizifunga mimi, kwa fundo lako lile linaloshika siku nzima na kuachia kwa mvuto mmoja. Nikawa nasikia sauti yako wingu linapotokea: "Kaza kamba, maneno baadaye." Nilidhani umetuachia kitu. Nilidhani umekufa wewe ili asife mwingine, na nikaanza kulala usingizi.

Mwezi uliopita, katikati ya kiangazi, jua likiwa linawaka hasa, likaja wingu jeusi kutoka upande wa mlima Shengena. Huo si mwezi wa mvua, wewe mwenyewe ungebisha. Lakini siku hizi miezi haieleweki. Turubai la jasi lilikuwa limechanika kwa jua, na lundo letu sote lilikuwa wazi, tayari kwa mizani. Tukatazamana.

Msimamizi hakuwepo, Mama. Hakuna aliyetutuma. Sisi tuliokuwa tumekaa kwenye kivuli chako ndio tuliosimama na kukishusha. Nilivuta kamba, fundo likaachia mara moja, kama ulivyonifundisha. Tulifunika jasi, sisi tukalowa hadi kwenye mifupa, na maji yaliyoshuka korongoni yakang'oa nguzo zote. Jasi ilibaki kavu. Tulilipwa.

Turubai halikurudi. Kwanza ilikuwa kesho, halafu tungoje gari la jasi liondoke, sasa hata hatulizungumzii. Nguzo tulizookota zilichemshia chai. Nyundo zinalia saa sita kama zamani, maana ukikaa wewe, mwenzako anaendelea kugonga, na kila mtu analipwa kwa alichogonga. Nilimwendea msimamizi. Alinipa pole, na pole yake ilitoka moyoni, akasema ataangalia. Natamani angekuwa mtu mbaya, nipate wa kumkasirikia. Nina hasira nyingi na sina pa kuziweka.

Wiki hii amekuja binti mmoja kutoka Chome, na sweta lake, hajui lolote. Aliagizwa apeleke dumu la maji kwa Mama Nakijwa. Akafika, akazungukazunguka, akarudi kuniuliza mbona kule hakuna kitu. Pamebaki mashimo ya nguzo tu, Mama, lakini jina bado wanaliita. Nikamwambia palikuwa na kivuli.

Sina matumaini. Nisingependa kukuandikia uongo siku ya Sabato. Joto linazidi, mvua inakuja ikijisikia, na sisi tutazidi kuifunika jasi, hata mimi, kwa sababu ndiyo inayotulisha. Kivuli siwezi kukuahidi.

Naahidi hiki kimoja. Akitetemeka mtu jua likiwa linawaka, sitamfunika. Nitamvua sweta, nitamvua na kanga ikibidi, nitammwagia maji yote ya dumu langu hata kama ni ya mwisho. Wacha wanitukane kwamba namuua mgonjwa wa malaria. Binti wa Chome nimeshamwonyesha, hata kama alinicheka.

Ukungu unashuka, nakuaga niingie ndani. Kesho alfajiri tunateremka. Lala, Mama, wala usiniwazie. Na siku nikitetemeka mimi, nimeshamwambia Mama Eliya la kufanya. Alilia sana, lakini amekubali: aanze kwa kunivua sweta lako.

Mwanao,
Nakijwa