Baba ameita majina makaburini

Arwa pokea simu basi. Haya naandika.

Leo tumemzika Albano, yule seremala wa hapa Bunju. Unamjua baba yangu, tangu astaafu ualimu kila mazishi yeye ndo anasoma wasifu wa marehemu. Bila hiyo kazi anajifungiaga tu ndani kama mgonjwa.

Kapewa maiki. Badala ya wasifu akaanza kuita majina ya darasa lake la saba la zamani. Kuita majina, Arwa. Kaburi liko wazi.

Watu wakacheka, wakajua mwalimu anatania. Wale aliowafundisha wakawa wanaitikia, "Nipo mwalimu."

Halafu akaita, "Albano."

Vicheko vikakatika.

"Albano. Huyu naye katoroka tena?"

Mama yake Albano alivyolia, shoga, sijawahi kusikia kilio kile. Baba akanigeukia, ananong'ona: "Monica, mbona yule mama analia?"

Hakuwa anatania. Alikuwa hajui tuko msibani.

Mwenyekiti wa mtaa kanivuta pembeni. "Binti, mzee sasa apumzike. Kuanzia kesho atasoma mtu mwingine, wewe mwambie taratibu."

Nikasema sawa. Yaani nilisema sawa.

Tumerudi nyumbani, sasa hivi yuko mzima kabisa, ila ya makaburini hakumbuki chochote. Ananiambia nimpigie pasi shati jeupe, kesho tunamzika mama Eufrazia na watu watakuwa wanamsubiri yeye.

Nimelinyoosha mpaka kola. Limetundikwa mlangoni kwake, na bado sijamwambia.